Waliokula Mtaji
Serikali ilipofunga shule Machi 17, 2020 kwa sababu ya korona, misikiti na masoko viliachwa wazi. Hata hivyo, hapa Madale mama lishe na wauza maandazi wa milangoni mwa shule walikosa wateja mara moja. Shule zilipofunguliwa Juni 29, baadhi yao hawakurejea: walikwishakula mtaji, nao ulikuwa wa mkopo. Sisi wa kamati tuliwapelekea unga, tukadhani tumetimiza wajibu. Unga uliisha, deni likabaki. Suratul Baqara, aya ya 280, inatuelekeza kumpa muhula mdaiwa mwenye dhiki, na kumsamehe ni bora zaidi. Ndugu zetu katika imani, wengine wanaowadai ni sisi wenyewe, tunaoswali safu moja na waume zao.