Medali Katika Kopo la Biskuti

Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Hawakunena lolote juu ya mgema asiyesifiwa kamwe, ambaye hata hivyo kila alfajiri hupanda mnazi wake na kushuka na kibuyu kilichojaa. Huyo ndiye anayemshughulisha Nalongo wa Mulago kila msimu wa tuzo za waigizaji unapowadia, na majina ya washindani yanapotangazwa katika televisheni.

Nalongo ni mama aliyezaa pacha, kama jina lake la heshima linavyoonyesha, na ni mjane wa askari polisi. Kwa miaka zaidi ya thelathini alikuwa muuguzi katika hospitali kuu iliyo juu ya kilima hicho, ile ambayo jengo lake jipya lilifunguliwa mwaka 1962, mwaka wa uhuru. Mapenzi yake kwa tamthilia za mfululizo yalianzia katika zamu za usiku. Muuguzi aliyekesha wodini hurejea nyumbani watoto wakienda shule. Hulala, na huamka saa nane za mchana nyumba ikiwa kimya, mume yuko lindo, na maharage yako jikoni. Katika saa hizo za upweke ndipo alipozoea kuwakaribisha waigizaji sebuleni kwake. Tangu hapo hajaacha, na maoni yake juu yao ni mengi na makali.

ASILI YA MICHEZO YA SABUNI

Wako wanaodhani kwamba tamthilia za mchana ni uvumbuzi wa juzi. La hasha. Zilizaliwa redioni huko Marekani. Mwaka 1930, katika mji wa Chicago, mama mmoja aitwaye Irna Phillips, ambaye hapo awali alikuwa mwalimu wa shule, alianza kutunga mchezo wa kila siku kwa ajili ya wanawake waliokuwa majumbani. Watengenezaji wa sabuni waligundua upesi kwamba anayesikiliza redio mchana ndiye anayefua nguo na kuosha vyombo. Wakagharimia michezo hiyo ili watangaze bidhaa zao, na jina la michezo ya sabuni likabaki hadi leo. Mchezo wake mwingine, Guiding Light, ulianza redioni mwaka 1937, ukahamia televisheni mwaka 1952, na haukukoma hadi mwaka 2009. Hiyo ni miaka 72, umri wa bibi mwenye vitukuu.

Mwaka 1963, mwaka uleule ambao televisheni ya taifa ilianza kurusha matangazo nchini Uganda, Wamarekani walianzisha General Hospital, tamthilia ya maisha ya madaktari na wauguzi ambayo ingali ikiendelea. Nalongo huutaja mchezo huo kwa kicheko, kwani anasema hakuna aliyehitaji kumtungia habari za hospitali. Wodi moja ya Mulago kwa usiku mmoja ilikuwa na vilio, mapatano, siri na miujiza ya kutosha mwaka mzima.

MAKOSA YANAYOMKERA

Kwa sababu hiyo, yeye si mtazamaji wa kudanganywa. Mgonjwa wa tamthilia, asema, hulala siku arobaini bila fahamu, kisha huzinduka na wanja machoni na nywele zilizosukwa jana. Muuguzi wa tamthilia huinamia kitanda akiwa na kucha ndefu zilizopakwa rangi, hali muuguzi wa kweli angerudishwa nyumbani na msimamizi wa wodi kabla hajagusa sindano. Marehemu mumewe naye alikuwa na lake. Kila alipomwona mwigizaji aliyevaa sare akipiga saluti kichwa wazi, bila kofia, aliinuka kitini kwa hasira kana kwamba anamwona kuruta katika uwanja wa gwaride.

Makosa hayo si madogo machoni pa Nalongo. Anasema mwigizaji asiyejishughulisha kujifunza jinsi kazi ya mwenziwe inavyotendwa, huyo anaidharau kazi hiyo. Ndiyo maana hafurahi anapoona tuzo ikienda kwa yule aliyelia kwa sauti kubwa kuliko wote. Kulia ni rahisi, asema. Hata mtoto anayenyimwa mandazi hulia vizuri. Kilicho kigumu ni kusikiliza. Mwigizaji hodari hutambulikana pale mwenziwe anaposema, naye akawa kimya, na mtazamaji akaona moyo wake ukibadilika usoni. Huyo ndiye ambaye Nalongo angempa tuzo.

ALIYENGOJA HADI MARA YA 19

Kuna kisa ambacho hachoki kuwasimulia jirani zake. Tuzo za Emmy kwa michezo ya mchana zilianza kuwa na hafla yao wenyewe mwaka 1974. Katika tamthilia ya All My Children alikuwamo mwigizaji aitwaye Susan Lucci, aliyeanza kuigiza nafasi ya Erica Kane mwaka 1970. Mwaka 1978 jina lake liliingizwa kwa mara ya kwanza miongoni mwa washindani, akashindwa. Likaingizwa tena, akashindwa tena. Mara 18 alivaa vazi la sherehe, akaketi mbele ya kamera, akasikia jina la mwingine likitajwa, akapiga makofi na kurudi nyumbani mikono mitupu. Watu walimfanyia mzaha. Naye kila asubuhi alikwenda kazini. Mwaka 1999, mara ya 19, jina lake lilitajwa, na ukumbi mzima ukasimama kumshangilia kwa muda mrefu.

Kisa cha pili kinawahusu zaidi wasomaji wa ukurasa huu. Mwaka 1979 tuzo ya mwigizaji bora wa kiume ilikwenda kwa Al Freeman, mtu mweusi wa kwanza kuipata katika michezo ya mchana. Nafasi aliyoiigiza katika One Life to Live ilikuwa ya afisa wa polisi, aitwaye Ed Hall. Hakumwigiza polisi wa kuchekesha wala wa kutisha watoto, bali mtu mwenye wajibu, aliye pia na nyumba na ndoa ya kutunza.

HAPA KWETU

Afrika Mashariki nayo haikubaki nyuma. Kampala ilikuwa na kundi la Ebonies, ambalo mchezo wake That's Life Mwattu ulizikusanya familia mbele ya televisheni kila juma. Sam Bagenda aliigiza nafasi ya Dokta Bbosa kwa ustadi hata watu wengi wakamjua kwa jina hilo kuliko jina lake mwenyewe. Nchini Kenya, Benson Wanjau, yaani Mzee Ojwang wa Vitimbi, aliwachekesha watu kwa miongo mingi hadi alipofariki mwaka 2015. Waigizaji wa namna hiyo waliingia katika nyumba za maskini na matajiri bila kubisha hodi, na watoto waliozaliwa walipoanza waliwaonyesha watoto wao wenyewe.

Tuzo zilichelewa kufika. Kenya ilianzisha tuzo za Kalasha mwaka 2009. Mwaka 2013 tume ya mawasiliano ya Uganda ilianzisha tamasha la filamu la nchi, na mwaka huohuo zikaanza huko Lagos tuzo za Africa Magic, ambazo baadhi ya washindi wake huchaguliwa kwa kura za watazamaji wenyewe. Nalongo anazifurahia, ila ana onyo lake. Kura ya watazamaji, asema, humpenda aliyeonekana jana, na husahau aliyefanya kazi kwa miaka saba. Waamuzi nao humpenda aliyeigiza katika filamu moja kubwa, na humsahau anayekuja kila siku jioni. Kati ya hao wawili, mwigizaji wa tamthilia huangukia katika pengo.

MZOZO WA JUMAPILI

Haya yote yalibaki kuwa mazungumzo ya barazani hadi yalipoingia katika nyumba ya Nalongo mwenyewe. Mjukuu wake wa kike, binti wa mwanawe aliye sajenti wa polisi, amekuwa kwa miaka mitatu akiigiza nafasi ya mtumishi wa nyumbani katika tamthilia mojawapo ya hapa nchini. Si nafasi kubwa. Huingia na sinia, husikia yasiyomhusu, na hutoka. Majina ya washindani wa tuzo yalipotangazwa, mtumishi yule hakutajwa, ingawa bibi na bwana wa nyumba aliyoitumikia walitajwa wote wawili. Binti akaja Mulago siku ya Jumapili macho yamevimba, akasema ameacha kazi.

Baba yake hakuficha furaha. "Mama, mimi nilisema tangu mwanzo," akamwambia Nalongo. "Michezo hiyo ni kuvunja nyumba za watu. Askari yuko Somalia mwaka mzima, mkewe ameketi hapa anafundishwa hila za wanawake wa Mexico. Mtoto huyu aende akasomee uuguzi kama wewe."

Nalongo hakuvikataa vyote. Alikiri kwamba kuna michezo isiyofaa kutazamwa na watoto, na kwamba mama anayeacha kukagua daftari la mwanawe kwa ajili ya televisheni anakosea. Lakini nyumba, akasema, haivunjwi na hadithi; huvunjwa na kimya. Yeye aliwaona wake za askari wakitazama pamoja, wakabishana juu ya mume wa kwenye kioo, na katika kubishana huko wakapata njia ya kusema yaliyokuwa yakiwachoma juu ya waume wao wenyewe, bila kumtaja mtu. Akamkumbusha mwanawe mchezo wa Twende na Wakati, ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993, wenye dereva wa lori aitwaye Mkwaju, aliyekuwa na wanawake kila kituo na mwisho akafa kwa ukimwi. Watafiti walilinganisha mikoa iliyousikia na eneo la Dodoma, ambako haukurushwa katika miaka ya mwanzo, wakakuta kwamba wasikilizaji walikuwa wakijadiliana zaidi na wenzi wao juu ya uzazi wa mpango, na kupunguza idadi ya wapenzi. Mchezo ulifika ambapo mabango ya hospitali hayakufika. Muuguzi aliyewafunga sanda vijana wa miaka ile anajua maana ya jambo hilo.

Sajenti akanyamaza. Ndipo Nalongo alipomgeukia mjukuu wake. Aliingia chumbani, akatoka na kopo la zamani la biskuti. Ndani yake mlikuwa na filimbi ya polisi, kitambulisho kilichofifia, na medali ya utumishi wa muda mrefu iliyokuwa ya marehemu mumewe.

"Babu yako alivaa hii mara ngapi?" akauliza.

"Sijui, Jaja."

"Mara nne. Siku aliyopewa, harusi mbili, na siku tuliyomzika. Lakini viatu vyake nilimwona akivipaka rangi kila usiku, miaka na miaka kabla hawajampa. Medali haikumfanya kuwa askari, mjukuu wangu. Ilikuja tu kushuhudia. Na shahidi mara nyingi huchelewa njiani."

Kisha akamweleza jambo ambalo binti hakulijua. Katika sehemu moja ya tamthilia ile, bibi wa nyumba alipopokea habari za kifo cha mwanawe, waigizaji wote walipiga mayowe. Mtumishi peke yake alisimama kimya, akaiweka sinia chini polepole ili vikombe visilie. Nalongo alisema kwamba yeye aliyepeleka habari za vifo kwa miaka thelathini hakuwahi kuona jambo hilo likiigizwa kwa ukweli namna ile. Jirani zake watatu, wauguzi wastaafu, walilitambua pia. Hawakuwa na simu za kupigia kura, wala hakuna aliyewauliza.

Sajenti alitoka nje kwenda kuitazama mita ya Yaka, ijapokuwa umeme haukuwa na hitilafu. Aliporudi alimwuliza binti yake, bila kumtazama, kama nauli ya kwenda kazini kesho anayo. Binti akajibu kwamba ameisha kuwaambia hatarudi. Nalongo akasema, "Basi waambie tena." Siku ya Jumatatu, kabla jua halijachomoza, binti aliteremka kilima pamoja na wauguzi wa zamu ya asubuhi waliokuwa wakipanda, akachukua teksi.

SOMO KWA NYUMBA ZETU

Tuzo ni jambo jema, na wanaozitoa wastahili pongezi, kwani kazi isiyoheshimiwa hadharani huishia kukosa wenye kuifanya. Waandaaji nao wangefanya vyema kuwakumbuka wale wa nafasi ndogo na wa miaka mingi, kama vile vikosi vinavyokumbuka utumishi mrefu sambamba na ushujaa wa siku moja.

Hata hivyo, ndugu msomaji, heshima ya kwanza hutolewa nyumbani. Yuko askari ambaye hajapandishwa cheo, yuko mama aliyepika chakula cha jioni siku elfu kumi, yuko kijana anayebeba sinia katika hadithi ya watu wengine. Kila mmoja wao anao watu wachache waliomwona akifanya kazi yake vizuri. Wakimwambia leo, hatalazimika kungoja mara ya 19.

Kopo la biskuti limerudishwa mahali pake, chini ya kitanda. Filimbi tu haimo. Mjukuu aliiomba, akapewa.