Penseli na Mashujaa Wasiovaa Joho



Ndugu wapendwa katika Kristo, juma hili tunaomba kutafakari pamoja nanyi jambo ambalo kwa wengi ni dogo, lakini katika baadhi ya nyumba zetu hapa Bahi limekuwa chanzo cha ugomvi. Wapo vijana wetu ambao kila jioni, baada ya shule au shamba, huketi na penseli na kuchora mashujaa wa vitabu vya katuni: Superman anayepaa angani, Spider-Man anayetambaa ukutani, Black Panther mwenye kucha kali. Wamewaona katika simu na katika vibanda umiza, nao hawatosheki kuwatazama. Wanataka kuwatoa kwa mkono wao wenyewe. Hufanya hivyo siku baada ya siku, bila mwalimu na bila malipo.

Mzazi mmoja alituletea daftari la mwanawe. Kurasa zilizokusudiwa kwa hesabu zilikuwa zimejaa majitu yenye misuli na majoho. Alitutaka tutamke wazi kwamba huo ni upuuzi, na pengine ni mambo ya kishetani. Tunamheshimu mzazi huyo, maana daftari ni fedha, na fedha ya mkulima wa mpunga kando ya mbuga yetu haipatikani kwa urahisi. Hata hivyo hatukuweza kumpa jibu alilolitaka, na tunaona vema sababu zetu zijulikane kwenu nyote.

Kwanza, Kanisa halijawahi kuudharau mkono unaochora. Kitabu cha Kutoka kinatueleza kuwa Mungu alimjaza Bezaleli Roho wake ili apate ustadi wa kuchonga, kufua dhahabu na kubuni mapambo ya Hema Takatifu. Mtaguso wa Pili wa Nikea, mwaka 787, ulizitetea picha takatifu dhidi ya waliotaka kuziharibu. Na Mtakatifu Luka Mwinjili ndiye msimamizi wa wachoraji, kwa kuwa mapokeo ya kale husema kwamba alimchora Mama Bikira Maria.

Pili, uchoraji si jambo geni lililoletwa kwetu na simu. Katika miamba ya Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia na UNESCO mwaka 2006, wazee wa kale waliacha michoro ya watu na wanyama. Hata hapa Bahi ipo michoro ya miambani. Mwaka 1931 Mwingereza A. T. Culwick aliandika katika jarida la Man jinsi ilivyohusishwa na tambiko za wenyeji. Kijana wa Bahi anapochora, anafanya kazi iliyofanywa katika nchi hii muda mrefu kabla ya reli kupita.

Je, kuchora mashujaa wa kubuni ni ibada ya sanamu? Hapana. Hatujasikia kijana aliyempigia magoti Spider-Man. Tena tukumbuke kwamba Marvel, wachapishaji wa Spider-Man, walitoa mwaka 1980 kitabu cha katuni juu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, mwaka 1982 kimoja juu ya Papa Yohane Paulo II, na mwaka 1984 kingine juu ya Mama Tereza wa Kalkuta. Chombo ni kile kile. Swali ni nani anayechorwa, na kwa moyo gani.

Hapo ndipo penye neno letu la juma hili. Superman alibuniwa na vijana wawili wa Cleveland, Marekani, Jerry Siegel na Joe Shuster, wana wa wahamiaji wa Kiyahudi, akatokea mara ya kwanza mwaka 1938. Walitamani mwenye nguvu awatetee wanyonge, na tamaa hiyo ni njema. Lakini wao wenyewe waliuza haki za shujaa wao kwa dola 130, wakahangaika miaka mingi wakidai sehemu yao. Ilipofika mwaka 1975 ndipo walipopatiwa malipo ya uzeeni na kutambuliwa tena rasmi kuwa ndio wabunifu wake. Superman hakushuka kuwasaidia. Walisaidiwa na watu wa kawaida, wachoraji wenzao, waliopaza sauti kwa ajili yao.

Wapendwa, hatari ya mashujaa hao haimo katika misuli wala majoho yao. Imo katika kutufundisha kwamba wokovu hushuka daima kutoka juu ya paa, ukiletwa na mgeni mwenye nguvu ambazo sisi hatunazo, nasi kazi yetu ni kusimama barabarani na kutazama. Sisi wa nyanda hizi kavu tunaijua gharama ya kungoja namna hiyo. Wazee walitusimulia njaa ya Mtunya, iliyoikumba Ugogo kati ya mwaka 1917 na 1920, baada ya majeshi ya vita kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, na mvua nayo ikakosekana. Wengi mno walikufa. Hakuna aliyeruka angani kuja kuwaokoa. Palipokuwa na wokovu, ulipita katika mikono ya jamaa aliyegawa kidogo alichokuwa nacho.

Kanisa nalo lina neno lake juu ya ushujaa. Linapochunguza maisha ya mtu anayeombewa kutangazwa mwenye heri, kama linavyofanya kwa Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere, ambaye mchakato wake ulianza mwaka 2005, linauliza kama aliziishi fadhila kwa kiwango cha kishujaa: imani, matumaini, mapendo, busara, haki, nguvu na kiasi. Zitazameni fadhila hizo. Hakuna hata moja inayodai kuzaliwa katika sayari nyingine. Zote zaweza kupatikana katika nyumba ya tembe.

Nao Mashahidi wa Uganda, ambao Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, hawakuwa na ngao wala mabawa. Kizito, mdogo kuliko wote, aliteketezwa Namugongo mwaka 1886 akiwa bado mvulana. Tarehe hiyo ya Oktoba ndiyo sikukuu ya Mtakatifu Luka, msimamizi wa wachoraji. Wenye penseli mlitafakari hilo.

Basi, tunawaomba wazazi: msichane wala kuchoma michoro ya watoto wenu. Mwekeni utaratibu, kazi ya shule itangulie, na daftari la hesabu libaki la hesabu. Mkiweza, nunueni daftari moja lisilo na mistari. Anayerudia mkono ule ule mara mia hadi ukae sawa anajifunza uvumilivu na kutazama kwa makini, na mambo hayo mawili yatamfaa hata katika sala.

Viongozi wa VIWAWA, wapeni vijana hawa kazi. Wachore Njia ya Msalaba kwa ajili ya vigango visivyo na picha.

Nanyi wachoraji wetu, endeleeni na mashujaa wenu, ila jipeni zoezi hili: kwa kila mashujaa kumi wenye joho, choreni mmoja asiye nalo. Mchoreni katekista anayeendesha baiskeli juani kwenda kigangoni. Mchoreni mama anayechota maji alfajiri kwa ajili ya jirani mgonjwa. Nchi yetu ina mfano wa kazi hiyo: marehemu Philip Ndunguru, katika jarida la Sani, alichora watu wa mitaani kama Ndumilakuwili, na taifa likajiona na kujicheka. Mtagundua kwamba uso wa mtu wa kweli ni mgumu kuchora kuliko kinyago cha shujaa, kwa sababu hauna mahali pa kujificha, na kwa sababu umeumbwa kwa mfano wa Mungu.

Mtakatifu Luka awaombee wote wanaochora, na Mwenyezi Mungu awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Tuonane juma lijalo, akipenda.