Pazia lisimwangukie mtoto: pa kufunga vishikio vya bomba

Mtoto wa miezi 10 anayejifunza kusimama hachagui cha kushika. Hushika mguu wa meza, gauni la mama, na pazia. Meza haianguki kirahisi, na mama humdaka. Tatizo ni pazia. Juu yake kuna bomba la chuma lenye vichwa vya urembo, na mara nyingi bomba hilo limeshikwa na misumari miwili iliyogongwa haraka jioni ya kuhamia, ili wapita njia wasione ndani.

Tunduma, haraka hiyo inaeleweka. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita mjini, malori husubiri zamu ya kuvuka kwenda Nakonde, na nyumba za karibu na barabara hupata vumbi mchana na taa za magari usiku. Kwa wakazi wa Vwawa na Mlowo, baridi ya Juni na Julai hudai pazia zito. Kwa hiyo mapazia ya huku hufuliwa mara kwa mara, hushushwa na kupandishwa mara kwa mara, na bado yanatakiwa yazibe vizuri. Kishikio kilichofungwa ovyo hakimalizi msimu.

Ukuta kwanza, kishikio baadaye

Kabla ya kununua chochote, mzazi ajue ukuta wake ni wa nini. Nyumba nyingi za mkoa wa Songwe zimejengwa kwa matofali ya kuchoma, na baadhi zimeunganishwa kwa udongo badala ya saruji, kisha zikapigwa lipu. Lipu ni ganda tu, lenye unene wa sentimita 1.5 hadi 2. Haibebi pazia. Skrubu ya sentimita 3 inaishia karibu yote kwenye lipu, ndiyo maana baada ya wiki chache kishikio hutoka na kipande cha ukuta.

Kinachobeba ni tofali lenyewe. Tundu lipite lipu na kuingia ndani ya tofali angalau sentimita 4, na skrubu iwe ya sentimita 6. Drili ikizama ghafla na kutoa udongo laini, imeangukia kwenye kiungo cha matofali. Hapo fundi asilazimishe. Asogee sentimita 3 au 4 juu au chini mpaka apate vumbi jekundu la tofali.

Juu ya dirisha kuna lenta, ule mkanda wa zege wenye nondo ndani. Drili ya kawaida isiyo na nyundo hukwama hapo na kuishia kuchoma keekee. Drili ya nyundo huingia, lakini ikigusa nondo inabidi kusogea pembeni kidogo. Asiye na drili ya nyundo anaweza kupanda juu ya lenta, kwenye tofali, kama bado kuna nafasi kabla ya dari.

Nyumba ya matofali mabichi isitobolewe kwa ajili ya kishikio kimoja kimoja. Njia nzuri ni ubao mmoja mrefu kuliko dirisha, ufungwe kwa skrubu ndefu sehemu nyingi au ushikizwe kwenye fremu ya mbao ya dirisha, kisha vishikio vifungwe kwenye ubao huo. Uzito unagawanyika, na ukuta haupasuki.

Vipimo vya kuanzia

Kishikio kikae sentimita 10 hadi 15 juu ya uwazi wa dirisha, na sentimita 15 hadi 20 nje ya ukingo wake kila upande. Kupanda juu kunaziba mwanga wa taa za magari unaopenya kwa juu. Kwenda pembeni kunaziba upepo wa baridi, na mchana pazia hukunjwa kando bila kufunika dirisha, hewa na mwanga vikaingia.

Bomba linalozidi mita 1.5 linahitaji kishikio cha tatu katikati. Bila hicho litapinda, na likipinda huvuta vile viwili vya pembeni kuelekea katikati hadi vilegee. Kishikio hicho kiingie kwenye hesabu tangu dukani.

Ili bomba lisilale upande, fundi hutumia pima maji. Nyumbani, mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji, unafanya kazi ileile. Ncha mbili zikishikwa pande mbili za dirisha, maji husimama usawa mmoja, na hapo penseli huweka alama. Kupima kutoka kwenye dari si salama, kwa sababu dari nyingi zenyewe haziko sawa.

Fisha, ile plastiki inayotangulia skrubu ndani ya tundu, ilingane na ncha ya drili. Fisha ya milimita 6 hutobolewa kwa ncha ya 6; kwa pazia zito, fisha ya 8 kwa ncha ya 8. Tundu likiwa kubwa kuliko fisha, skrubu itazunguka bila kukaza. Kujaza karatasi au kijiti cha kiberiti ni kuahirisha anguko tu.

Umeme, ngazi na mwenye nyumba

Waya za umeme ndani ya ukuta kwa kawaida hupanda wima kutoka kwenye swichi na soketi kwenda darini. Mstari wote ulio juu au chini ya swichi usiguswe na drili, hata kama ndipo kipimo kinapoangukia. Ni afadhali kishikio kisogee sentimita 20.

Anayetoboa asisimame juu ya kreti la soda wala kiti cha plastiki. Ngazi ishikwe na mtu mzima mwingine, na watoto wawe chumba kingine mpaka vumbi litulie na skrubu zote zihesabiwe. Skrubu moja iliyodondoka chini ya kochi, mtoto anayetambaa ataiona kabla ya mama.

Kwa mpangaji, ruhusa hutangulia. Maneno machache yanatosha: “Shikamoo baba. Naomba kutoboa matundu sita juu ya madirisha. Siku nikihama nitayaziba kwa saruji na kupaka rangi.” Mwenye nyumba aliyeombwa hivyo mara nyingi huonyesha mwenyewe waya zilipopita, na taarifa hiyo ina thamani kuliko ruhusa.

Baada ya kufunga

Vishikio vingi vina skrubu ndogo inayobana bomba lisiruke. Watu wengi huiacha mfukoni kwa sababu pazia linaning’inia hata bila hiyo. Ikazwe. Vichwa vya urembo vya bomba navyo vikazwe, hasa vile vidogo vya mviringo, maana kikidondoka kinaweza kumkaba mtoto kooni.

Kisha lije jaribio. Mtu mzima ashike pazia kwa mkono mmoja na kulivuta chini polepole, kwa nguvu inayokaribia ya kunyanyua ndoo ya maji ya lita 10. Hiyo ni kilo 10, karibu uzito wa mtoto wa mwaka mmoja. Kishikio kikicheza au lipu ikitoa ufa, kazi irudiwe mahali pengine, si kwenye tundu lilelile.

Hata kikipita jaribio, hakuna kishikio kilichotengenezwa kwa ajili ya mtoto kubembea. Katika miezi ya kujifunza kusimama na kutembea, pazia la sebuleni lifungwe fundo juu ya kimo chake wakati wa mchana. Kitanda na kochi visikae chini ya dirisha, kwa sababu kwa mtoto hizo ni ngazi. Kamba za pazia za kuvuta zifungwe juu kabisa, zisining’inie mahali zinapoweza kuzunguka shingo. Na chandarua kisifungwe kwenye bomba la pazia. Kitafutiwe msumari wake au ndoano darini, kwa kuwa mtoto huvuta chandarua usiku kucha.

Jambo la mwisho linahusu baridi yenyewe. Pazia zito lililofungwa vizuri huzuia upepo, na familia ikiingiza jiko la mkaa chumbani usiku, hewa ya sumu hukosa pa kutokea. Haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Jiko libaki nje hata makaa yakionekana yamekufa, na tundu la hewa juu ya dirisha lisizibwe na pazia wala gunia. Joto la mtoto litoke kwenye blanketi, soksi na ubavu wa mama yake.