Ducati ya Mtumba Nyumbani Maguu? Kaka, Mkanda Ulibadilishwa Lini?

Yupo kaka mmoja wa mjini, jina kapuni, kila mtaa unaye wa kwake. Mtoto wa Kimatengo, kapambana Dar mpaka mambo yakajibu, sasa ukurasa wake mzima ni yeye na Ducati nyekundu. Ya mtumba, lakini kwenye picha nani anajua? Krismasi anataka kutinga nayo Maguu ili waliomcheka wamuone.

Ukweli usemwe, chuma ni kizuri. Ile 916 ya mwaka 1994 aliyoichora Massimo Tamburini bado inageuza shingo za watu. Mwenye hela yake anunue, wenye wivu wajinyonge.

Ila hela iwe yake kweli. Maana wapo wanaomzunguka mzee nyumbani, wanamwambia "baba, ni mtaji wa biashara", hela ya kahawa ya msimu mzima inaondoka. Hiyo ndiyo ada ya wadogo zake, ndiyo mbolea ya shamba la mwakani. Mama anaambiwa avumilie. Halafu mtoto anaonekana mtandaoni kavaa miwani, kaegemea tangi. Hapo sio kula bata tena, hapo unamla mzee.

Na bei ya kununulia ni mwanzo tu. Kwenye injini za Ducati za miaka ya 1990 na 2000, valvu hazirudishwi na springi kama kwenye Boxer, zina mkono wake wa kuzifunga. Kuzipima ni kazi ya fundi aliyeisomea, na inatakiwa kila kilomita 10,000 au 12,000 hivi kutegemea modeli. Kuna mikanda ya raba inayoendesha hizo valvu. Ya zile za zamani inabadilishwa kila miaka miwili, hata kama pikipiki ililala stoo muda wote. Ikikatika ukiwa barabarani, valvu zinagongana na pistoni, injini kwisha habari. Sasa muulize muuzaji mkanda ulibadilishwa lini. Akianza kusifia rangi na mlio, chukua helmeti yako uondoke, hicho ni kimeo.

Tena huo mlio! Nyingi za hizo zina klachi kavu, pikipiki ikisimama inalia kama masufuria yanayogongana. Bishoo anaona raha, bibi kule kijijini atadhani imeharibika, na siku moja atakuwa sahihi.

Disemba kule ni mvua. Milima ya Umatengo, udongo unateleza, na wewe umeinamia usukani mfupi juu ya tairi pana la lami. Kilomita chache tu na ile plastiki nyekundu ipo mtaroni. Spea yake Mbinga hupati, Songea hupati, utaagiza nje huku likizo inaisha.

Kama moyo umeshakufa kwake, lami ipo: Songea hadi Mbinga, kisha teremka kona kwa kona mpaka Mbamba Bay uione Nyasa. Hapo Ducati inajieleza yenyewe. Ukirudi, iache Mbinga mjini kwa ndugu mwenye geti, upande Maguu na boda. Dogo wa Boxer anapita palepale na gunia la kahawa nyuma, na jioni ana hela mfukoni.