Jembe si Fimbo

Nataka kusema neno ambalo wengine watalikasirikia, wala si walimu peke yao, hata baadhi ya wenzangu wa Kidato cha Tatu. Neno lenyewe ni hili: haifai kumpa mwanafunzi jembe au fyekeo kuwa adhabu. Akikosa na aadhibiwe, lakini kwa njia nyingine. Kulima bustani na kutunza kiwanja cha majani ni kazi ya ufundi, na fundi mwenye hasira huharibu.

Najua mtasema kwamba nasema haya kwa uvivu. Basi ngojeni kwanza niwaeleze yaliyonipata.

Muhula wa kwanza nilichelewa masomo ya jioni mara mbili katika juma moja. Kosa lilikuwa langu, sikatai. Kiranja alinipimia kipande cha ardhi nyuma ya bweni, hatua 10 kwa 10, akaniambia nikimalize Jumamosi kabla ya chakula cha mchana. Mahali hapo palijaa lumbugu. Kama hulijui jina hilo la Kiganda, ni yale majani membamba yatambaayo chini kwa chini, ambayo Wakikuyu wa Kenya huyaita thangari. Ukichimba utaona kama kamba nyeupe zimefumwa ndani ya udongo. Wengi wetu huziita mizizi, lakini hasa ni mashina yanayotambaa chini ya ardhi, tena yana vifundo kama vya muwa.

Nililima kwa hasira. Niliinua jembe na kulishusha, nikakatakata kamba zile vipande vipande, nikajiona shujaa. Mahali palipokuwa pagumu nilikwangua juu tu, kisha nikayafunika majani kwa udongo yasionekane. Kila mtu aliyewahi kuadhibiwa shuleni anaijua hila hiyo. Kiranja alikuja, akaona udongo mwekundu umegeuka, akaridhika, nami nikaenda kula posho na maharagwe.

Mvua za Machi zikanyesha. Juma la tatu nikapita pale, nikamkuta mzee anayetunza bustani ya shule amesimama, mikono kiunoni. Mzee huyo alikulia Tororo, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko chetu sote tunaokisoma darasani.

“Shikamoo, Mzee,” nikasema.

“Marahaba, kijana. Hivi nani amepanda lumbugu hapa?”

“Hakuna aliyepanda, Mzee. Mimi nililima hapo.”

“Hukulima, kijana. Ulipanda.”

Akainama, akang’oa kipande kifupi kama kidole changu, chenye vifundo vitatu, akakitia ndani ya mkebe wa siagi uliojaa udongo, akanipa nikaweke dirishani. Siku chache baadaye kila kifundo kilikuwa kimetoa jani lake. Hapo ndipo nilipofahamu. Kila pigo la jembe langu lilifanya mche mmoja kuwa miwili, na ile miwili kuwa minne. Kama shule ingetaka shamba la lumbugu, isingepata mkulima bora kuliko mtoto aliyekasirika.

Mzee alinionyesha namna inavyopasa. Kwanza, huchukui jembe la kawaida. Wachukua lile la meno, ili ulegeze udongo bila kukata. Kisha wainama, unazifuata kamba kwa mkono, unazivuta polepole zitoke nzima. Ulizozitoa huziachi pale pale, maana mvua moja tu yatosha kuzifufua. Wazianika juani juu ya jiwe au bati mpaka zinavunjika kama kuni kavu. Tena yafaa kazi hii ifanywe Juni na Julai, wakati wa jua, wala si wakati wa mvua. Baada ya majuma kadha warudi kutafuta zilizobaki, kwa kuwa lazima zitabaki. Kipande kile cha hatua 10 kwa 10 hakiwezi kwisha kwa asubuhi moja. Mimi na Mzee tulikifanya Jumamosi nne, na hapo hakuna aliyenilazimisha.

Sasa nije kwenye kiwanja cha majani, kile kilicho mbele ya ofisi, tunachokipenda siku ya wazazi na kukisahau siku nyingine. Huko nako twatuma wakosaji, wakati mwingine 30 au 40 pamoja, kila mmoja na fyekeo lake. Kila mmoja anataka kumaliza kwanza, na njia ya kumaliza kwanza ni kukata mpaka chini kabisa ili mwalimu wa zamu asiseme “rudia”. Mwisho wake kiwanja chaonekana kama kichwa cha mtu aliyenyolewa na kinyozi mlevi: hapa upara, pale nywele, na kati yake jeraha.

Watu hudhani kwamba majani yakikatwa mafupi sana kazi itapungua. Kumbe ni kinyume. Jani ndilo jiko la mmea. Humo ndimo chakula chake kinamopikwa kwa nguvu ya jua. Ukilikata jani karibu lote, mmea hauna cha kulisha mizizi yake, nayo mizizi hufupika. Kikija kiangazi, mizizi mifupi haifikii maji yaliyo chini. Nyasi hukauka, udongo hubaki wazi, mwanga wa jua huzifikia mbegu za magugu zilizolala, nazo huamka. Halafu twashangaa mbona kiwanja chetu kina magugu kila mwaka, nasi “tumekifyeka vizuri”.

Watunzaji hodari wana kanuni moja nyepesi: usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mara moja. Kwa pasipalumu, ambayo ndiyo nyasi ya nyumba nyingi huku Uganda, acha kimo cha vidole vitatu au vinne, na wakati wa jua kali acha zaidi kidogo. Noa fyekeo lako, kwa sababu fyekeo butu halikati, lachana, na ncha zilizochanika hugeuka kahawia. Majani mafupi yaliyokatwa yaache yalale palepale. Yataoza na kuwa mbolea. Sisi huyakusanya yote tukayachoma nyuma ya jiko, kisha shule ikanunua mbolea ya mfuko. Hesabu hiyo sijaielewa mpaka leo.

Hata hao Waingereza walioleta desturi ya viwanja vya namna hii hawakuiona kazi hii kuwa ya wakosaji. Mashine ya kwanza ya kukatia majani ilibuniwa 1830 na Edwin Budding, fundi wa Stroud, aliyechukua wazo lake kwenye mashine ya kiwandani iliyonyoa manyoya juu ya kitambaa cha sufu. Kabla ya hapo majani yalikatwa na watu wenye miundu mirefu, au yaliliwa na kondoo, nao wenye miundu hiyo walikuwa mafundi. Karibu yetu, nilipata bahati ya kuitembelea bustani ya mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa 1898 kando ya ziwa. Niliwaona watunzaji wakifanya kazi yao chini ya miti mikubwa. Sikumwona hata mmoja aliyepelekwa pale kwa kuchelewa masomo ya jioni.

Lakini hayo ya nyasi na lumbugu yasingenifanya nishike kalamu. Kuna jingine.

Bibi yangu alinilea, na ni mkulima. Ada yangu ya shule yatoka katika migomba yake, na katika nakati na dodo anazofunga mafungu na kuziuza barabarani. Muhula uliopita alikuja kunitembelea siku ya wazazi, amevaa gomesi yake nzuri. Tulipokuwa tukipita nyuma ya bweni aliwaona wavulana sita wakilima, akafurahi sana.

“Mjukuu wangu,” akaniuliza, “hao ndio wanaosoma kilimo?”

“La, Bibi. Hao wameadhibiwa.”

“Wameadhibiwa kwa kulima?”

“Ndiyo, Bibi.”

Alinyamaza mpaka tukafika chini ya mwembe tulipotaka kukaa. Akaitandika leso yake, akakaa, kisha akasema taratibu, kama anayejiuliza mwenyewe: “Basi mimi nilikosa nini, miaka yote hii?”

Sikuwa na jibu. Msomaji, wewe unalo?

Twafundishwa darasani kwamba watu wengi wa nchi hii wanaishi kwa kilimo. Kisha tukitoka nje twafundishwa kwa vitendo kwamba jembe ni la mwizi wa sukari, na la mtoro, na la aliyepiga kelele bwenini. Somo la pili ndilo linalokaa moyoni. Rafiki yangu mmoja, mtoto wa mkulima kama mimi, ameapa kwamba akimaliza Kidato cha Nne hatashika jembe tena maishani mwake. Baba yake ana ekari tano.

Nimewauliza baadhi ya walimu wetu kwa heshima, na jibu lao lina uzito. Wanasema: sheria ya watoto ilirekebishwa 2016, viboko vikakatazwa shuleni. Je, mwanafunzi mkosaji afanywe nini? Si afadhali afanye kazi yenye faida kuliko kupigwa? Nami nakubali kwamba ni afadhali. Sitamani fimbo irudi hata kidogo. Lakini jembe likichukua mahali pa fimbo, nalo litachukiwa kama fimbo, na tumeona faida yake nyuma ya bweni. Mwanafunzi mkosaji anaweza kunyimwa mchezo wa Jumamosi, au akakaa darasani kuandika alichokosea, au akafanya kazi ya kulipia hasara aliyoileta. Mwenzangu mmoja aliniambia, “Basi waoshe masufuria ya jikoni.” Nilitaka kuafiki, kisha nikawakumbuka mama zetu wa jikoni wanaoyaosha kila siku. Wao nao wangeuliza kama Bibi alivyouliza. Hapo nakiri sijapata jibu kamili.

Wengine wataniuliza ni nani atakayefyeka, maana nyasi hazingoji mjadala. Naona hivi. Kiwanja cha mbele kigawanywe kwa mabweni, kila bweni na kipande chake muhula mzima, si asubuhi moja. Mtu akijua kwamba atarudi palepale juma lijalo, hatafunika magugu kwa udongo, maana atajidanganya mwenyewe. Mzee awafundishe wachache wa kila bweni kunoa na kukata, nao wawafundishe wengine. Tena sehemu ya upande wa jiko, ambayo haionwi na mgeni yeyote na hutuchosha bure kwa kufyekwa, igeuzwe bustani ya mboga. Dodo iliyopandwa vizuri yaanza kuvunwa baada ya majuma manne au zaidi kidogo, na muhula wetu una majuma 12 hivi. Bweni litakalopanda mapema litavuna, likapanda tena, likavuna tena. Wapishi wakizichukua mboga hizo, maharagwe yetu yatapata mwenzake, jambo ambalo hata walio wavivu kabisa hawatalipinga.

Nimekwisha zungumza na Mzee. Asema kipande tulichokisafisha sasa ni tayari, kwa kuwa jua la Julai limekausha masalio ya lumbugu. Muhula wa tatu huanza Septemba, na mvua za pili huanza wakati huohuo. Bibi ameahidi kuniletea mbegu za nakati katika kitambaa, zile azihifadhizo mwenyewe. Nakati huchukua miezi miwili, hivyo zikipandwa juma la kwanza tutazila kabla ya kufunga shule. Kilichobaki ni ruhusa ya shule, na majembe manne ya meno, maana shule nzima ina moja tu, na mpini wake umevunjika. Wanaotaka kusaidia wanikute kwenye bomba la maji Jumamosi saa moja asubuhi. Aliyetumwa na kiranja asije.