Mrushaji mkongwe auzwe angali na bei

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii inawafaa sana wanaocheza Out of the Park Baseball, mchezo wa kompyuta uliotungwa na Mjerumani Markus Heinsohn na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1999. Humo mchezaji hashiki fimbo wala mpira. Yeye ni meneja: anasajili, anauza na kulipa mishahara ya timu ya besiboli, msimu hadi msimu. Hiyo ni biashara, na mkulima au mchuuzi ana la kujifunza.

Mtihani mkubwa ni warushaji. Kwa kawaida timu huwa na watano wa kuanza mechi, wanaopokezana zamu, maana bega la mtu halihimili kazi hiyo kila siku. Tatizo ni umri. Mrushaji akishapita miaka 30 na ushei, kasi ya mpira wake hupungua na majeraha huongezeka. Mshahara nao hubaki juu, kwa sababu mkataba uliandikwa kwa sifa za jana.

Hapo wengi hukosea. Huona haya kumwacha aliyewapa ubingwa, wakamwongezea miaka mitano. Baada ya misimu miwili fedha hakuna, na chipukizi hakuna.

Besiboli halisi imeyaona hayo. Desemba 2004, Oakland Athletics, timu isiyo na fedha nyingi, iliwatoa Tim Hudson na Mark Mulder na kupewa wachezaji wengine. Mulder alishinda mechi 16 akiwa St. Louis mwaka 2005, kisha bega likaharibika; mwaka 2007 na 2008 hakushinda hata moja. Dan Haren, mmoja wa waliopatikana badala yake, alichaguliwa timu ya nyota mwaka 2007. San Francisco Giants nao walimpa Barry Zito dola milioni 126 kwa miaka 7. Alisaidia ubingwa wa 2012, lakini katika miaka hiyo alipoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda.

Hata hivyo, umri peke yake usiwe hukumu. Hudson alirusha hadi mwaka 2015. Kila mmoja apimwe kwa kazi yake.

Meneja mwenye busara hakubali warushaji wote watano wawe rika moja. Wazee huwapa mikataba mifupi, humuuza mmoja wakati wanunuzi wangali wanamtaka, na huanza kumlea kijana mapema. Mfugaji wa kuku wa mayai anaielewa hesabu hiyo: huingiza vifaranga kabla kuku wa zamani hawajapunguza kutaga. Anayengoja banda linyamaze atanunua chakula cha vifaranga bila kuwa na yai la kuuza.