Chanda chema kisichovikwa pete

UWANJANI, na Salma Mwinyihaji

Evelin Lanthaler ni bingwa ambaye wapenzi wengi wa michezo, hata wale wanaokesha kutazama Olimpiki, hawajawahi kumsikia. Alizaliwa mwaka 1991 na ni mwenyeji wa bonde la Passeier, katika jimbo la Tyrol Kusini, kaskazini mwa Italia, ambako wakazi wengi huzungumza Kijerumani. Mchezo wake ni luji ya njia asilia, yaani kushuka mlima kwa sleji juu ya barafu kwa kufuata njia ya kawaida ya mlimani. Alitwaa ubingwa wa dunia kijijini Latzfons mwaka 2019, akautetea Umhausen, nchini Austria, mwaka 2021, na Kombe la Dunia la jumla, ambalo huamuliwa kwa pointi za msimu mzima, amelibeba msimu baada ya msimu. Medali ya Olimpiki hana, wala hakuna namna ya kuipata, kwa sababu mchezo wake haujawahi kuingizwa kwenye ratiba ya Olimpiki. Hoja yangu wiki hii ni kwamba Olimpiki inamkosea mwanamke huyu na wenzake, na kwamba sababu zinazotolewa kuwaacha nje hazisimami zikipimwa moja baada ya nyingine.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe anayoifanya, maana wengi wakisikia luji hukumbuka ile ya kwenye televisheni. Katika luji ya Olimpiki mchezaji hulala chali juu ya sleji na kupita ndani ya mfereji wa zege uliogandishwa kwa mitambo. Kona zake zimeinuliwa kama kuta ili sleji ipande na kushuka bila kupunguza mwendo, na kasi hupita kilomita 130 kwa saa. Luji asilia ina masharti mengine. Kanuni zinakataza kona za kuinuliwa na zinakataza mitambo ya kugandisha. Njia hutokana na barabara ya msituni au ya malishoni. Wenyeji huishindilia theluji, humwagia maji, kisha baridi ya usiku hukamilisha kazi. Mchezaji huketi akiwa ameegemea nyuma, mkono mmoja umeshika kamba, na viatu vyake vina meno ya chuma. Anapoikaribia kona kali inayorudi karibu ilikotoka, hakuna ukuta wa kumbeba. Inambidi achague mahali pa kufunga breki kwa miguu, auegemeze mwili upande wa ndani, avute kamba na kugusa barafu kwa mkono, huku miguu ya sleji, ambayo ni ya mbao iliyovishwa vyuma, ikikubali kupinda. Akichelewa, anagonga ubao wa pembeni. Akiwahi mno, kasi imekwisha na mshindani wake amempita kwa sehemu za mia za sekunde.

Ugumu mwingine ni kwamba njia hiyo haibaki vilevile. Mfereji wa zege hutunzwa na mitambo, na mchezaji anaweza kuusoma kona kwa kona mwaka hadi mwaka. Barafu ya njia asilia hubadilika kwa saa. Jua likitoka hulainika, kivuli kikirudi hukaza, na sleji zilizotangulia huacha michirizi ambayo wanaofuata lazima waikabili. Ndiyo maana kushinda mara moja katika mchezo huu kunaweza kuitwa siku njema, lakini kushinda msimu baada ya msimu, katika milima tofauti na barafu tofauti, hakuna jina jingine ila umahiri. Kabla ya Lanthaler alikuwapo Ekaterina Lavrentyeva wa Urusi, aliyetawala upande wa wanawake kwa miaka mingi. Kwa wanaume yupo Patrick Pigneter, naye wa Tyrol Kusini, bingwa wa dunia aliyeshinda akiwa peke yake na pia katika sleji ya watu wawili akiwa na Florian Clara. Hawa ni wanamichezo wa daraja la juu kabisa kwa kipimo chochote cha haki.

Kinachowatenganisha na umaarufu kinaonekana wazi tukimweka Lanthaler kando ya mtu mwingine wa jimbo lake, Armin Zöggeler, aliyezaliwa Merano mwaka 1974. Zöggeler naye alianza utotoni kwenye njia asilia, kisha akahamia kwenye mfereji wa zege. Kuanzia Lillehammer mwaka 1994 hadi Sochi mwaka 2014 alipata medali katika Olimpiki sita mfululizo, mbili kati yake zikiwa za dhahabu, na akawa mtu wa kwanza kufanya hivyo katika shindano lilelile la mchezaji mmoja. Alishinda mashindano 57 ya Kombe la Dunia. Alikuwa mtumishi wa jeshi la Carabinieri, lenye kikosi cha michezo kinachomwezesha mwanamichezo kufanya mazoezi akiwa na mshahara, na Sochi ndiye aliyebeba bendera ya Italia. Heshima hiyo yote ilimstahili. Lakini wote wawili ni wa milima ileile na wamekulia kwenye theluji ileile. Mmoja aliuacha mchezo wa mwanzo akakutana na mlango uliofunguliwa. Mwingine amebaki nao, akaufikisha mahali ambapo wachache waliwahi kuufikisha, na wachezaji wa fani yake kwa kawaida hutegemea kazi nyingine kujikimu.

Historia inaongeza uzito wa dai hili. Mwaka 1883, huko Davos, Uswisi, yalifanyika mashindano ya kimataifa ya sleji yanayotambuliwa kuwa ya kwanza. Washindani 21 walishuka kama kilomita nne kwa barabara ya kawaida kuelekea Klosters, na ushindi wakagawana wawili waliomaliza kwa muda sawa: Georg Robertson, mwanafunzi kutoka Australia, na Peter Minsch, tarishi wa posta wa Klosters. Hakukuwa na mfereji wala mtambo wa kugandisha. Hiyo ndiyo asili ya luji, na jinsi Minsch alivyoshuka inafanana zaidi na anavyoshuka Lanthaler kuliko wanavyoshuka mabingwa wa Olimpiki wa leo. Luji ilipoingia Olimpiki mwaka 1964 huko Innsbruck, iliingia ile ya njia ya kujengwa peke yake. Ubingwa wa Ulaya wa njia asilia ulianza mwaka 1970 na ule wa dunia mwaka 1979, chini ya shirikisho lilelile la kimataifa, FIL, linalosimamia pia luji ya Olimpiki. Kwa hiyo hatuzungumzii mchezo wa mitaani unaotafuta kanuni. Kanuni zipo, waamuzi wapo, na shirikisho linatambuliwa na Olimpiki yenyewe.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito kuliko yote, ni kwamba mchezo huu ni wa mabonde machache ya Alps: Watyrol wa Italia na Waaustria ndio hujaa jukwaani. Ni kweli. Lakini Olimpiki ikitumia kipimo hicho lazima ikitumie kwa wote. Mwaka 2014 Ujerumani ilichukua dhahabu zote nne za luji, na mwaka 2022 huko Beijing ikarudia kuchukua zote nne. Njia za kujengwa zinazotumika duniani hazifiki ishirini, na nchi isiyo na mfereji wake lazima iwapeleke vijana wake kuuomba kwa wengine. Njia asilia, kinyume chake, imefanikisha mashindano ya ubingwa wa dunia Grande Prairie, Kanada, mwaka 2007, na Vatra Dornei, Romania, mwaka 2017. Naseby, kusini mwa New Zealand, ina njia yake. Nchi yenye mlima, baridi na watu wa kujitolea inaweza kuanza bila kungoja serikali itenge fedha za zege. Ukitaka mchezo uenee, huufungulii mlango ule wenye kiingilio kikubwa na kuufunga ule ambao kila kijiji cha mlimani kinaweza kuuingia.

Hapo ndipo suala la fedha linapogusa kila mwananchi anayelipa kodi, popote alipo. Kwa ajili ya Olimpiki ya Torino mwaka 2006, Italia ilijenga njia ya Cesana kwa takriban euro milioni 110. Haikupita miaka mingi ikafungwa, kwa kuwa gharama za kuiendesha zilizidi faida. Italia ilipopewa Michezo ya 2026 ya Milano na Cortina, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilishauri mashindano ya sleji yapelekwe kwenye njia iliyopo tayari, hata kama ni nje ya Italia. Serikali ilikataa, mamia ya miti yakakatwa Cortina, na njia mpya ikajengwa kwa mkataba wa zaidi ya euro milioni 80. Michezo hiyohiyo ilipangiwa Antholz kwa mbio za ski na kulenga shabaha, na Antholz iko Tyrol Kusini, jimbo la Lanthaler. Maana yake ni kwamba Olimpiki ilipangwa kufika hadi jimboni kwa bingwa bila kumwekea shindano hata moja, wakati nchi yake ikitumia mamilioni kujenga upya kile ambacho milima ya jirani ingekitoa kwa maji, baridi na mbao za pembeni. Njia asilia, theluji ikiyeyuka, hurudi kuwa barabara ya wafugaji na wakata mbao.

Wapo watakaosema kuwa hali ya hewa haitabiriki, na kwamba televisheni haiwezi kusubiri baridi. Hoja hii ina ukweli ndani yake, kwani mashindano ya njia asilia huahirishwa au kuhamishwa baridi inapokosekana. Hata hivyo, michezo yote ya theluji iko kwenye shida hiyo. Beijing mwaka 2022 ilitegemea theluji ya kutengenezwa karibu yote. Dawa ni kuchagua mahali pa juu penye baridi ya uhakika na kuacha siku za akiba kwenye ratiba, kama wafanyavyo waandaaji wa ski. Kuhusu nafasi, Kamati imeonyesha kuwa inapatikana ikitafutwa. Mwaka 2026 imeingiza ski ya kupanda milima na luji ya wanawake wawili. Mkataba wa Olimpiki unataka michezo ya majira ya baridi iwe ya juu ya theluji au barafu, na sharti hilo luji asilia inalitimiza bila mjadala.

Pingamizi la mwisho hutolewa kwa nia njema: bingwa ni bingwa, Olimpiki ya nini? Kenya ina jibu. Mwaka 1998 Philip Boit alishiriki mbio za ski za kilomita 10 huko Nagano na akamaliza wa mwisho. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri kwenye mstari ili amkumbatie, na dunia nzima ikamjua Boit. Ujasiri wake ulistahili heshima ile, na ndiyo nguvu ya jukwaa la Olimpiki: humpa jina hata anayemaliza wa mwisho, huku aliye wa kwanza katika mchezo usioorodheshwa akibaki bila jina. Tena, wapenzi wa riadha wa Afrika Mashariki wanajua uchungu wa kuachwa nje ya orodha. Mbio za nyika ziliondolewa Olimpiki baada ya Paris mwaka 1924. John Ngugi alizishinda mara tano katika ubingwa wa dunia, na Paul Tergat akashinda mara tano mfululizo kuanzia 1995 hadi 1999, lakini kwenye hesabu ya medali za Olimpiki ushindi huo haumo. Sebastian Coe, rais wa shirikisho la riadha duniani, amekuwa akipigania mbio za nyika ziingizwe kwenye Michezo ya majira ya baridi. Anayeunga mkono dai hilo kwa ajili ya Wakenya, Waganda na Waethiopia hana budi kuunga mkono dai la Lanthaler, ambaye mchezo wake tayari unafanyika juu ya barafu.

Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki inasema inataka Michezo ya gharama nafuu, isiyoacha magofu na inayotumia vilivyopo. Njia ya kulithibitisha hilo iko mbele yake: iweke luji asilia kwenye ratiba, walau shindano moja la wanawake na moja la wanaume, katika Michezo ijayo itakayofanyika kwenye milima yenye njia hizo. Nasi waandishi na watangazaji wa Kiswahili tusingoje uamuzi huo ndipo tuwatambue. Tuyasome matokeo ya mabingwa wa dunia wa michezo isiyo ya Olimpiki kama tunavyoyasoma mengine, kwa majina yao kamili na kwa kueleza walichokifanya. Evelin Lanthaler ni mmoja wa wanamichezo wakubwa wa kizazi chake, na anastahili kuitwa hivyo leo, akiwa bado anashindana.